Upande wa Nyuma wa Shuka

Manase alikuwa na kikohozi kimoja alichomwekea dada yake. Hakikuwa cha ugonjwa. Kilikuwa kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu anayesafisha koo ili aseme neno, kisha akaona bora neno lenyewe libaki huko huko. Kila mwaka viazi vikuu vya kwanza vilipochimbwa, aliviweka begani vikiwa na udongo wake, akaja alfajiri hadi mlangoni alipolala Lesieli, akavitua, akakohoa mara moja, akaondoka. Lesieli alikuwa akikisikia kikohozi hicho usingizini na kukiingiza ndani ya ndoto zake. Akiota samaki, samaki alikohoa. Akiota kanisa, kengele ilikohoa. Ndipo alipojua kwamba mwaka umeanza.

Hawakuwa na namna nyingine ya kusalimiana. Kwetu kaka na dada wakishavuka utoto hawakai mkeka mmoja, wala hawalali nyumba moja, na neno la mapenzi likitajwa mmoja akiwapo, mwingine huinuka akaenda zake. Dada ndiye mkubwa hata kama kazaliwa nyuma. Kiazi cha kwanza ni chake.

Halafu wakaja wazungu wa filamu, na kikohozi kikakoma.

Viazi havikukoma. Viliendelea kuja kila mwaka, vinene, vimeoshwa, vimefungwa kamba vizuri, ila vililetwa na mikono ya watu wengine. Mwanzo alivileta mtoto wa jirani, baadaye wana wa Manase, na sasa wajukuu zake. Watu wa kijiji chetu, Fangatea, walimwona Manase kuwa ndiye kaka mwenye heshima kupita makaka wote wa visiwa vya Ha'apai. Hata njia inayopita mbele ya nyumba ya dada yake aliiacha, akawa anazungukia nyuma ya kanisa. Mchungaji aliwahi kumtolea mfano katika mahubiri. Siku hiyo Lesieli alikaa safu ya wanawake akitazama viganja vyake. Yeye peke yake alijua kwamba heshima na hasira zinaweza kuvaa nguo moja, na mtu wa mbali asizitofautishe.

Sasa alikuwa bibi mwenye mvi, mjane, na kazi yake ilikuwa kugonga magome ya miti mpaka yawe nguo. Siku moja alikuwa kibandani na rafiki yake Fusi, kila mmoja na nyundo yake ya mbao, gome limelazwa juu ya gogo baina yao. Ko, ko, ko. Ukiigonga kazi hiyo kwa muda mrefu, akili huondoka ikaenda kutembea yenyewe. Ya Lesieli ilikuwa imefika mbali aliposikia mtu akivua viatu nje.

Alikuwa Pisila, binti wa Manase, anayefundisha shule huko Auckland. Alikuja likizo. Akaingia ameinama, akakaa chini kando kidogo, kama mtoto anavyokaa mbele ya shangazi yake.

"Shangazi, nimekuletea kitu."

"Kama ni dawa ya magoti, mpe Fusi."

"Magoti yangu yana nini?" akasema Fusi. "Yamechoka kunibeba, basi. Hata wewe ungenibeba ungechoka."

Pisila akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kidude cheusi, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. "Ni ile filamu. Nimeitafuta miaka. Yote imo humu."

Nyundo ya Lesieli ilibaki hewani.

"Filamu gani?" akauliza Fusi, ingawa kijijini kwetu kulikuwa na filamu moja tu. Ilipigwa pwani ya Fangatea, wazungu wakaondoka nayo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona.

Pisila akatoa simu, akaonyesha picha ya tangazo lake la zamani. Mchoraji alikuwa amechora mwanamke amesimama kwenye mawimbi, nywele zimetapakaa, maua kila mahali, na nguo aliyovaa ingetosha kumfunga mtoto kidonda.

Fusi akaisogeza simu karibu, akaipeleka mbali, akaisogeza tena. "Uso wako huu, Lesieli."

"Uso ni wangu," alisema Lesieli. "Hicho kifua sijui kakiazima wapi."

"Sisi wawili tukijumlishwa hatufikii."

Wakacheka, na Pisila naye akacheka kwa kufunika mdomo. Kisha akasema kwamba ameleta na projekta, na kwamba Ijumaa baada ya sala ya jioni angeionyesha kwa kijiji kizima, ukumbini, watu wawaone wazee wao. Mzee Hopoate yumo, marehemu, kafanywa mfalme. Bahari ya zamani imo, na ile minazi iliyong'olewa na kimbunga.

"Na baba yako?" akauliza Lesieli. Aliuliza akiwa ameanza kugonga tena, polepole.

"Amesema haji. Ana kazi shambani."

"Ijumaa jioni?"

"Amesema viazi havijui Ijumaa."

Ko, ko. Pisila alipoondoka, Fusi alipitisha kidole juu ya gogo, akasema, "Gome hilo umelitoboa."

*

Siku za filamu zilikuwa zikimjia kama vitu vinavyoonekana chini ya maji, vimekuwa vikubwa kuliko vilivyokuwa, na vinatikisika. Alikuwa bado hajaolewa. Wazungu walishuka na masanduku mengi na taa zinazowaka mchana. Mkuu wao alikuwa mtu mnene mwenye shingo nyekundu na kofia ya majani, na hadithi aliyokuja nayo ilitoka ndani ya kitabu, na mwandishi wa kitabu hicho hakuwahi kukiona kisiwa chetu ila kwenye ramani. Baharia anazama, mawimbi yanamtupa pwani, binti wa mfalme anampenda, baharia anaondoka, binti anabaki akilia. Wanaume wa Fangatea waliambiwa wavue mashati. Wakavishwa majani ambayo hata babu zao wasingeyavaa, na mashati yao yakatundikwa kwenye mti mmoja, yakapepea pale kama kundi la watu wenye adabu wanaotazama.

Lesieli ndiye aliyekuwa binti wa mfalme. Alipakwa mafuta usoni, akaambiwa atazame kushoto, atazame kulia, atazame mbali kama mwenye huzuni. Hiyo haikuwa kazi ngumu.

Ndipo ikafika siku ya kuoga. Kitabu kilisema baharia anamwona binti akiingia majini bila nguo. Mama yake Lesieli alisema hapana, na hapana ya mama yake ilikuwa ukuta. Yule mnene hakubisha. Walikuwa wamekuja na msichana wa kwao, mwembamba, mpole. Wakampaka rangi ya kahawia kutoka kwenye kopo, mwili mzima, wakamvisha nywele ndefu nyeusi za bandia. Wakamwomba Lesieli shanga zake za makombe, zile alizotungiwa na mama, wakamfunga yule msichana shingoni. Wanaume wote wa kijiji walifukuzwa pwani. Lesieli alikaa chini ya mti wa mkadi, kafunikwa blanketi, kapewa bati la biskuti, akawa anamtazama mtu mwingine anavyokuwa yeye. Msichana aliingia majini polepole, kwa mgongo. Kwa nyuma alikuwa Lesieli kabisa. Hata Lesieli alihisi maji ya baridi kiunoni.

Alipoinua macho akamwona Manase juu ya tuta la mchanga. Sijui nani alimwambia nini, na kwa nini hakukaa shambani. Alisimama pale na jembe begani. Aliona mgongo mtupu, nywele, na shanga za dada yake. Akageuka. Aligeuka kama mlango unavyofungwa, akashuka upande wa pili wa tuta.

Lesieli alitaka kupiga kelele. Lakini mashine ilikuwa inazunguka, na mkalimani, kijana kutoka mji mkuu, Nuku'alofa, aliweka kidole mdomoni. Mashine ikizunguka, hata chafya ni kosa. Basi kelele ile ikabaki kooni.

Nani angemwambia Manase? Mama alijaribu. Akasema, "Mwanangu, kuhusu dada yako na yale maji," na Manase akainuka akaondoka, kama kaka yeyote mwema anavyopaswa kufanya. Wajomba hawakuthubutu hata kuanza. Ili umwambie kwamba mwili ule haukuwa wa dada yake, ilibidi kwanza uutaje mwili mbele yake, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayefanya hivyo. Heshima ililinda kila mlango, hata ule ambao ungemtoa.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Lesieli kuita. Baharia keshaondoka, binti yuko peke yake juu ya mwamba, watu wamewekwa mbali, mawimbi yanapiga. Juu ya kichwa chake kilining'inia kipaza sauti chenye manyoya kama mkia wa paka. Yule mnene alisema kupitia mkalimani: sema chochote, kwa lugha yenu, ilimradi uonekane moyo unauma.

Akasema. Mnene alifuta macho. Mkalimani, ambaye kati ya waliokuwa karibu ndiye pekee aliyeelewa, alimtazama Lesieli kitambo, kisha akaandika jambo kwenye karatasi zake. Naye alikuwa kaka wa mtu. Meli ilipoondoka aliondoka nayo.

Miaka ikaenda. Lesieli akaolewa, akazaa, akazika. Kila alipoyakumbuka maneno yale juu ya mwamba yalikuwa yamefifia kidogo zaidi, mpaka akaanza kujiuliza kama aliyasema kweli au aliyaota. Huenda aliyasema moyoni tu. Huenda wazungu waliyakata, wakaweka zeze lao mahali pake. Na sasa yote yalikuwa ndani ya kidude cheusi mfukoni mwa Pisila. Yalikuwamo au hayakuwamo. Ijumaa ingesema.

*

Alhamisi alimwita Pisila.

"Usionyeshe ukumbini."

"Kwa nini, shangazi? Ukumbi una ukuta mweupe mzuri."

"Wanaume watatoka. Umesahau kwenu?"

Hakuwa amesahau. Kijijini kwetu binamu naye ni ndugu, kwa hiyo kila mwanamume ni kaka wa nusu ya wanawake waliopo, na ukiifuata heshima sawasawa, filamu ya mapenzi itabaki kutazamwa na mbwa.

"Tundika shuka uwanjani," Lesieli alisema, "kwenye zile nguzo mbili za mpira wa wavu, pale mwisho. Wanawake wakae mbele. Wanaume wanaoona haya wakae nyuma, waone kupitia nguoni. Hapo hakuna aliyetazama pamoja na dada yake."

Pisila akafikiri. "Pale mwisho, nyuma yake ni uani kwa baba."

"Ndiyo."

"Watu watajaa uani kwake."

"Na mtu akijaziwa uani na wageni, anaweza kubaki ndani?"

Pisila alimtazama shangazi yake. "Shuka nitapata wapi?"

Lesieli alilifungua sanduku lake la mbao. Mashuka yalikuwa mengi, mengine bado mapya. Alivuta lile la chini kabisa, lililofuliwa miaka mpaka likawa jepesi kama ngozi ya yai. Fusi, aliyekuwa mlangoni akijifanya anatafuta kuku wake, akaingilia.

"Hilo jembamba mno. Picha itapenya mpaka upande wa pili."

"Itapenya," alisema Lesieli.

Fusi akaacha kutafuta kuku.

*

Ijumaa upepo ulikuwa mwanana, unaotoka baharini na kurudi huko huko. Sala ilipokwisha watu walikuja na mikeka, na shelisheli za kuchoma, na watoto waliokwisha kulala mabegani. Waya wa umeme ulivutwa kutoka kanisani. Wanawake wakakaa mbele. Wanaume walizuga kidogo, wakakohoa, wakatazama nyota, kisha mmoja mmoja wakazunguka nyuma ya shuka, na kutoka huko zikasikika sauti zao: karibu, karibuni, kaeni, hapo pana mawe. Lesieli alisikiliza. Sauti aliyoitaka haikusikika. Manase hakuwa msemaji.

Kisha shuka likawaka, na Fangatea ya zamani ikatokea juu yake.

Minazi iliyong'olewa ilikuwa imesimama tena. Upepo wa jioni ulipolitikisa shuka, minazi nayo ilitikisika, usijue upepo uko wapi, ndani ya picha au nje. Wanawake waliokwisha kuzikwa walipita na vikapu. Msichana mmoja akanong'ona, "Yule ni bibi," na mama yake akasema, "Nyamaza, atasikia."

Akatokea Hopoate, mfalme, majani kichwani, mikono ameinyoosha mbinguni. Chini ya picha yalipita maandishi ya Kiingereza, na Pisila, kwa kuwa ni mwalimu, akayasoma kwa lugha yetu kwa sauti ya shule: "Enyi miungu ya bahari, mpokeeni mgeni huyu."

Lakini Hopoate mwenyewe, kwa sauti yake nzito ya kanisani, alikuwa anasema: "Tangu asubuhi sijala. Jani hili linanichoma matakoni. Huyu mnene akisema rudia tena, nitamrudishia kichwa chake."

Uwanja ukavunjika. Wanawake waliangukiana. Nyuma ya shuka wanaume walipiga magoti yao kwa viganja, na mjukuu wa Hopoate akapaza sauti, "Huyo ndiye babu, huyo hasa," huku analia. Fusi alishika ubavu. "Nchi za watu wamekaa wakatazama hivi, wakasema, tazama, wanasali."

Kisha akatokea Lesieli.

Lesieli aliyekaa kwenye mkeka hakumjua mara moja. Alikuwa msichana mwenye uso wa mviringo, uliolainishwa kwa mafuta, mkubwa kuliko nyumba. Aligeuza macho kushoto, akageuza kulia. Alitazama mbali. Lesieli akajaribu kukumbuka msichana yule alikuwa akifikiri nini, akaona ni kama kujaribu kukumbuka ndoto ya mtu mwingine. Wenzake wakageuka kumwangalia, kisha wakaangalia shuka, kisha yeye, kama watu wanaolinganisha vitambaa viwili dukani.

"Ulikuwa mzuri," akasema Fusi, kwa mara moja bila mzaha.

"Alikuwa," alisema Lesieli.

Baharia akatupwa pwani. Akaamka. Zeze likaanza, na Lesieli akajua kinachokuja. Kwanza ulionekana uso wake, uso wake mwenyewe, ukitazama maji. Kisha, bila hata kupepesa, ukaja mgongo. Wazungu walikuwa wameunganisha uso wake na mgongo ule kama mtu anayeshona vipande viwili vya gome, na mshono hauonekani. Shanga zilikuwa pale. Mgongo ukaingia majini.

Hakuna mwanamke aliyemtazama sasa. Aliona shingo zao zote zimeinama, na akaelewa kwamba hata hawa, waliomzunguka maisha yake yote, walikuwa wanaamini wanachokiona. Na yeye mwenyewe, kwa dakika moja, hakuwa na uhakika. Maji yalikuwa ya baridi kiunoni.

Nyuma ya shuka kulisikika watu wakiinuka. Upepo ukainua pindo, na mwanga wa projekta ukamwagika chini yake, na Lesieli akaona miguu ya wanaume. Safu nzima. Walikuwa wamesimama, na wote wamegeuka. Aliona visigino tu, visigino vyeusi, vyenye nyufa, vimeelekezwa kwake. Pindo likashuka.

Alivitambua visigino gani? Havitambuliki. Lakini mguu mmoja wa kushoto ulikuwa na pengo mahali pa kidole kidogo. Jembe lilikikata kidole hicho wakiwa watoto, kabla ya heshima kuwatenga, na Lesieli ndiye aliyefunga kidonda kwa kitambaa chake huku wote wawili wanalia.

Kwa hiyo alitoka. Alikuwapo. Na alikuwa amegeuka tena, kama siku ile.

Mapenzi ya baharia yalichukua muda mrefu. Wanaume hawakugeuka. Pisila alisoma maandishi kwa sauti iliyozidi kupungua, mengine akayaruka. Hatimaye ikaja meli, ikaja tanga, ukaja mwamba, na juu ya mwamba yule msichana peke yake, nywele usoni. Zeze lilikuwa linalia kwa nguvu. Lesieli alishika ukingo wa mkeka. Limeyafunika, alifikiri. Wameweka zeze.

Msichana akafungua mdomo, na zeze likashuka, kama mtu anayempisha mwingine njiani.

Pisila akasoma, "Usiniache, mpen..." Hapo akanyamaza.

"Manase," alisema msichana juu ya shuka. Sauti ilikuwa changa, ya kooni, ya mtu aliyekaa na kelele usiku kucha. "Manase we, geuka. Yule aliyeingia majini si mimi. Ni msichana wao, wamempaka rangi. Mimi nilikuwa chini ya mkadi, nimejifunika blanketi, nakula biskuti zao. Shanga tu ndizo zangu. Geuka, kaka yangu. Usiende hivyo."

Mawimbi yalipiga mwamba. Hakuna aliyecheka. Chini ya picha maandishi ya kigeni yaliendelea kupita, yakieleza mambo ya baharia ambaye hakuna aliyemkumbuka.

"Geuka," alisema msichana tena, na akanyoosha mkono.

Lesieli hakutazama uso ule mkubwa. Alitazama pindo la shuka, akasubiri upepo. Upepo ulikaa mbali, ukakaa, mpaka akadhani umelala. Kisha ukaja kidogo, wa kutosha kuinua nguo kiganja kimoja kutoka ardhini. Visigino vilikuwa vimesimama vile vile, safu nzima. Isipokuwa katikati. Katikati kulikuwa na vidole vya miguu, vimepanuka, vimejaa udongo wa shamba, na upande mmoja kidole kidogo hakipo. Vilikuwa vimemwelekea. Havikutikisika.

Pindo likashuka taratibu, zeze likarudi, na meli ikaenda zake.

Filamu ilipokwisha, shuka lilibaki jeupe, na wadudu wakatua juu yake kama maandishi. Watu walikunja mikeka. Fusi alimsaidia Lesieli kuinuka, wakatembea wameshikana mikono hadi njia panda. Hapo Fusi akasimama.

"Biskuti," alisema. "Miaka yote hii hukuniambia kulikuwa na biskuti."

*

Alfajiri Lesieli alikuwa anaota. Alikuwa chini ya mkadi, na mashine ilikuwa inazunguka, na yule msichana aliyepakwa rangi alikuja kukaa naye, maji yanamchuruzika, rangi inamtoka miguuni, chini yake ni mweupe kama yai. Akamrudishia shanga. Lesieli akampa biskuti. Msichana akataka kusema ahsante, lakini badala yake akakohoa, kikohozi kifupi, kikavu.

Lesieli akafungua macho.

Hakuinuka upesi. Hilo si jambo la kukimbilia. Alilala akisikiliza nyayo zikiondoka, si kwa kuzungukia kanisani, bali kwa njia ya mbele ya nyumba, polepole, mguu mmoja ukikanyaga kwa upande. Zilipotoweka alisubiri tena kidogo. Kisha akafungua mlango.

Viazi vilikuwa vimelazwa kizingitini na udongo wake, havikuoshwa, havikufungwa kamba. Vilikuwa vidogo, vyembamba kama mikono ya mtoto, mizizi yake bado laini. Msimu haukuwa umefika. Hata mchungaji hakuwa amepata kiazi chake cha sadaka, wala shamba la mtu yeyote Fangatea halikuwa limeguswa.

Mchana, kijiji kilikuwa na ugomvi mkubwa. Waliokaa mbele walisema meli iliondokea upande wa kulia, waliokaa nyuma wakaapa ni kushoto, na hakuna aliyekubali kushindwa. Fusi alikuja kibandani na habari hizo, akakuta chungu juu ya moto, akainua kifuniko.

"Nani mwendawazimu huyu kachimba viazi vichanga hivi?"

"Mtu mwenye kikohozi," alisema Lesieli, na akamsogezea nyundo.